Shajara ya mradi: kunyoosha mnyororo wa ugavi wa kiwanda cha alizeti, Singida

Kiwanda chetu ni cha ukubwa wa kati. Msimu ukikubali tunakamua tani 25 hadi 30 za alizeti kwa siku. Mafuta yanafungashwa kwenye madumu ya lita 20, 10 na 5, na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, yanachukuliwa na wafugaji. Wateja wakubwa wako Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Shajara hii ni ya wenzetu wenye viwanda vya namna hii wanaofikiria kukodi washauri. Majina ya watu na kampuni sikuyaweka. Namba ni za kwetu, zako zitakuwa nyingine, lakini njia ya kuzipata ni hiyohiyo.

15 Januari 2024: Hadidu za rejea

Lililotufikisha hapa ni hili: mteja anaagiza madumu mia tano, anapata mia tatu, mengine yanamfuata wiki ya pili akiwa ameshanunua kwa jirani. Mzee, yaani mwenye kiwanda, anaamini tatizo ni mbegu, kwamba madalali wanazipitisha mlango wa nyuma kwenda kwa wenye bei nzuri. Mhasibu anasema ni mtaji. Mafundi wanasema ni umeme. Kila idara ina mchawi wake.

Tuliomba mapendekezo kwa kampuni tatu. Mbili zilileta bei kwa dola, na kwa jinsi shilingi ilivyokuwa inashuka, mkataba wa miezi kumi kwa dola ulikuwa kamari. Ya tatu, ya washauri wawili kutoka Dar es Salaam, ilikubali shilingi milioni 38. Soma vizuri bei kama hiyo, kwa sababu haina VAT. Ukiongeza asilimia 18 inafika milioni 44.84, na kama VAT hiyo huwezi kuirudisha, ihesabu yote kuwa gharama, kama tulivyofanya sisi. Tena mlipaji ndiye anayekata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada na kuipeleka TRA. Kwetu ni milioni 1.9. Lizungumzeni hilo siku ya kusaini, msisubiri siku ya malipo.

Rasimu ya kwanza ya mkataba ilitaka nusu mwanzoni, nusu ripoti ikikabidhiwa. Ripoti haikamui mafuta. Tukabadilisha: asilimia 20 kuanza, 30 baada ya uchunguzi, na 50 iliyobaki ifungwe kwenye vipimo. Sisi tulipendekeza kipimo kiwe mauzo. Wakakataa: mvua si yao, bei ya mawese kutoka nje si yao. Hoja yao ilikuwa ya haki. Tukakubaliana vipimo vitatu ambavyo viko ndani ya uzio wetu: saa ambazo mashine inasimama kwa kukosa kitu, ulinganifu wa kadi za stoo na mali iliyopo, na oda zilizofika kamili kwa siku iliyoahidiwa.

19 Februari 2024: Kuhesabu

Hesabu ya stoo ilichukua wikiendi. Theluthi mbili tu ya kadi zilikubaliana na mali. Kimoja kati ya vilivyopotea kwenye karatasi ni lebo za lita 10, ambazo zilikutwa chini ya magunia matupu zikiwa zimeliwa na panya.

Kazi yenyewe ilikuwa kujua mashine inasimama kwa nini. Washauri walifunga kaunta buku kwenye nguzo kando ya ekspela, yaani mashine ya kukamua: saa ya kusimama, saa ya kuwaka, sababu. Wiki ya kwanza sababu zote zilikuwa "umeme". Ni neno fupi, halimgusi mtu, na mgao ulikuwepo kweli. Walipolinganisha na daftari la dizeli ya jenereta, saa nyingi za "umeme" jenereta haikuwashwa, na taa za ofisini zilikuwa zinawaka.

Marekebisho yalikuwa madogo. Sababu zikapewa herufi: U umeme, M mbegu, F vifungashio, B ubovu. Msimamizi wa zamu anasaini kila mstari, na ilitangazwa mbele ya wote kwamba hakuna atakayekatwa mshahara kwa herufi yoyote. Tangazo hilo ndilo lililofanya kazi. Picha ikabadilika: F ilikula saa 31 kwa wiki, kuliko herufi zote nyingine zikijumlishwa.

Inavyotokea ni hivi. Madumu yakiisha, au madumu yapo na vifuniko hakuna, mafuta hayatoki kwenye matangi. Matangi yakijaa, ekspela inazimwa. Uani kuna mbegu za kutosha na wapakiaji wamekaa kivulini. Washauri walipomweleza Mzee, alinyamaza, halafu akauliza, "Kifuniko? Hiki cha plastiki?"

25 Machi 2024: Fomula ya kwanza

Zamani madumu yaliagizwa mtunza stoo akiona "yanapungua". Washauri wakaweka kiwango cha kuagiza. Kwa dumu la lita 20: wastani wa matumizi ni madumu 300 kwa siku, mtawanyiko wa matumizi, yaani yanavyopanda na kushuka kuzunguka wastani, ni 70 (kwenye Excel ni STDEV), na mzigo kutoka Dar es Salaam huchukua wastani wa siku 12 tangu oda hadi getini. Ili tusiishiwe mara 95 katika 100, kizidishi ni 1.65. Akiba ya tahadhari ni 1.65 × 70 × kipeuo cha pili cha 12, sawa na madumu 400. Ongeza 3,600 ya siku 12 za kusubiri. Jibu: stoo ikifika 4,000, agiza.

Namba ikaandikwa kwa rangi nyekundu ukutani.

6 Mei 2024: Tumeishiwa

Oda ilitoka siku ileile stoo ilipogusa 4,000. Mzigo uliwasili siku ya 19. Madumu yalikuwa yameisha, matangi yamejaa, na mbegu mpya za Iramba na Mkalama zimeanza kuingia. Msimu umefunguka huku tumesimama.

Fomula ilihesabu kwamba wateja wanabadilikabadilika, lakini msambazaji akachukuliwa kama saa ya ukutani, siku 12 daima. Tulipofukua hati za mizigo iliyopita tukakuta siku kati ya 7 na 20. Mtawanyiko wake ni siku 5. Mshauri mdogo, kijana mwenye heshima, alikuja ofisini na karatasi mpya hata kabla ya kuitwa. Fomula kamili ni hii:

1.65 × √(siku za kusubiri × mtawanyiko wa matumizi² + wastani wa matumizi² × mtawanyiko wa siku²)

Kwetu: 1.65 × √(12 × 70² + 300² × 5²) = 2,507. Jumlisha na 3,600, kiwango cha kuagiza kinakuwa madumu 6,107. Angalia ndani ya mabano: sehemu ya wateja ni 58,800, sehemu ya msambazaji ni 2,250,000. Tulikuwa tunapigana na adui mdogo.

Sasa shida nyingine. Madumu elfu sita hayana mahali pa kukaa. Dumu tupu ni hewa, na hewa inataka paa, kwa sababu plastiki ikipigwa na jua la Singida inapoteza nguvu. Mzee alikuwa tayari kujenga banda. Washauri waliomba muda kidogo kabla hatujanunua hata bati moja.

10 Juni 2024: Kupunguza kuyumba badala ya kujenga banda

Mimi na mshauri mkubwa tulienda kiwanda cha plastiki Dar es Salaam. Hatukuwa tumefika huko miaka yote tuliyonunua kwao, na kwa maoni yangu safari hiyo peke yake ilikuwa na thamani ya robo ya ada.

Tulijua mambo mawili. La kwanza, madumu na vifuniko havitoki mashine moja. Dumu linapulizwa, kifuniko kinamiminwa kwenye kalibu, na foleni zake ni tofauti. Vifuniko vyetu ni vya njano. Rangi hiyo kule haiagizwi na wengi, kwa hiyo wanangoja oda za njano zirundikane ndipo wasafishe mashine na kubadilisha rangi. Madumu yetu yalikuwa yanakaa tayari yakisubiri vifuniko. La pili, lori lao la kanda ya kati haliondoki mpaka lijae.

Jambo la kwanza lilitibiwa bure: lita 20 na lita 10 zikahamia kifuniko chekundu, ambacho wanacho kila siku. Mzee aligoma, njano ndiyo alizeti. Mama mmoja wa jumla wa Dodoma alipoulizwa kwa simu akacheka: "Baba, mimi naangalia kama mafuta hayavuji." Njano imebaki kwa lita 5 tu, maana hiyo ndiyo inayopangwa kwenye shelfu za dukani.

La pili lilihitaji mtu wa kushirikiana naye. Lori la madumu matupu linajaa kwa ujazo kabla halijakaribia uzito wake, ilhali lori la saruji linafika uzito nusu ya bodi ikiwa wazi. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa mjini alikuwa analeta saruji na nondo kila wiki mbili. Tukakubaliana saruji chini, madumu juu, lori linatoka Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, hata likiwa halijajaa. Sehemu yetu ni shilingi 900,000. Tukikodi peke yetu ni 1,600,000.

Mzigo wa kwanza ulikuja umepakwa vumbi la saruji. Vyombo vya chakula! Vibarua waliosha na kuanika siku nzima, na yaliyoingia vumbi ndani tukayaondoa kabisa kwenye mafuta, yakaenda kwa kuchotea maji. Tangu hapo kiwanda cha plastiki kinafunga madumu kumikumi ndani ya nailoni, yakiwa na vifuniko vimekazwa, na turubai linatandikwa kati ya mizigo. Nailoni inaongeza shilingi 60 kwa dumu. Tumekubali.

Mtawanyiko wa siku umeshuka kutoka 5 hadi 2. Rudia hesabu: √(58,800 + 300² × 2²) × 1.65 = 1,068, na kiwango cha kuagiza ni 4,668. Ni pungufu ya madumu 1,439, ambayo kwa shilingi 4,500 kila moja ni kama milioni 6.5 ambazo hazikulala stoo. Banda halikujengwa.

2 Julai 2024: Unyevu

Baada ya saa za F (vifungashio) kupungua, tatizo la mbegu likaonekana. Tulikuwa tunanunua maji. Kilo 100 za mbegu zenye unyevu wa asilimia 14 zina kilo 86 za kitu kikavu. Mbegu zilezile zikikauka hadi asilimia 9 zinabaki kilo 94.5. Kilo tano na nusu kwa kila mia ni maji, na mbegu mbichi ghalani zinapata joto, zinaota ukungu, na mafuta yake yanachacha mapema.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukataa kila kilichozidi asilimia 10. Siku mbili uani pakawa peupe. Malori yaligeuzia getini yakaenda kiwanda kingine ambacho hakipimi kitu.

Jaribio la pili ni kupokea zote na kukata uzito kwa jedwali lililobandikwa ukutani, muuzaji akiona mwenyewe. Hapo ukazuka ugomvi mkali zaidi, kwa sababu kipima unyevu kilisoma namba zisizoeleweka. Mama mmoja anayekusanya kutoka Mtinko, mtu tuliyefanya naye biashara miaka mingi, aliniambia, "Mwanangu, mashine yako hiyo inakunywa alizeti zangu." Alikuwa sahihi. Kifaa kilikuwa kimesetiwa kwa mahindi. Vipima vya aina hii vinapima umeme unavyopita kwenye nafaka, na mbegu ya mafuta si mahindi. Lazima uchague zao husika, halafu uhakiki kwa kukausha sampuli kwenye oveni na kupima uzito kabla na baada. Waliokatwa kwa kipimo kibovu tulirudia hesabu zao kutoka daftarini, tukawalipa tofauti, shilingi 740,000 kwa jumla. Fedha hiyo hakuna aliyeinung'unikia, maana wiki ileile malori yalirudi.

Tuliongeza mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye mkataba: maturubai ya kukaushia yanayoazimwa bure kwa wakusanyaji wa vijijini, na kununua kwa kilo tu kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Biashara ya gunia imekufa kwetu. Gunia la alizeti huhesabiwa kilo 65, lakini ukiruhusu gunia umeruhusu lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), na lumbesa inamwumiza mkulima kwanza kisha inakuja kuharibu takwimu zako.

26 Agosti 2024: Lori na mizani

Usafiri wa kwenda Dar es Salaam kwetu si ghali. Singida iko kwenye njia ya malori yanayotoka Rusumo, mpakani na Rwanda, na mengi yanarudi matupu. Washauri walitaka tufikirie reli ya SGR, lakini kufikia Agosti 2024 ilikuwa inabeba abiria tu. Tumeliweka kando.

Walichobadilisha ni kuunganisha oda. Badala ya kupeleka Dodoma lori dogo na Morogoro jingine, Fuso moja inashusha njiani. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: kinachoshuka kwanza kipakiwe mwisho. Kinachoshuka Dodoma kilikuwa mashudu, magunia mazito, yakawekwa nyuma kabisa. Mizani ya barabarani ya Nala, kabla ya kuingia Dodoma, ikasoma jumla chini ya tani 18 zinazoruhusiwa, lakini ekseli ya nyuma imepita tani 10. Dereva, kijana wa mjini, akatupigia simu: "Wakubwa, mzigo hauzidi, umekaa vibaya." Ilibidi watafutwe vibarua wahamishe magunia kwenda mbele, na mafuta ya Morogoro yakachelewa kwa siku moja.

Sasa mpakiaji ana mchoro wa bodi wenye sehemu nne na uzito wa juu wa kila sehemu. Mashudu yanakaa katikati hata kama yanashuka kwanza, na kuna njia nyembamba ubavuni ya kuyafikia. Inaongeza nusu saa ya kupakia.

Hapa niseme jambo kuhusu washauri. Kwenye wasilisho lao walituonyesha Bohari ya Dawa ilivyoshirikiana na Coca-Cola kuanzia mwaka 2010, dawa zikaacha kuishia wilayani na kupelekwa moja kwa moja vituoni. Wakapendekeza na sisi tupeleke duka kwa duka. Tulijaribu Dodoma kwa mwezi. Duka linalochukua madumu manne halilipi dizeli ya kuegesha, na wauzaji wa jumla waliona tunawapita kichwani. Tukaacha. Mfano mkubwa hauhami na bajeti yake.

14 Oktoba 2024: Programu ya kompyuta

Walipendekeza programu ya kusimamia stoo, ada ya kila mwaka. Tumekataa kwa sasa. Kadi zilikuwa hazilingani na mali kwa sababu wapakiaji walitoa mzigo usiku na karani anaandika asubuhi, na programu ingeandika uongo uleule kwa kasi zaidi. Tumeajiri karani wa zamu ya usiku, tunatumia lahajedwali moja, na kila siku vinahesabiwa vitu vitano tu badala ya kungoja hesabu ya mwaka. Ulinganifu umefika asilimia 94 kutoka 66.

20 Desemba 2024: Malipo ya mwisho na gharama

Saa za F zimetoka 31 hadi 6 kwa wiki. Kadi za stoo zimevuka lengo. Oda kamili kwa wakati zimetoka asilimia 58 hadi 84, na lengo lilikuwa 90. Mkataba haukusema mtu akifika karibu analipwaje. Wao walitaka sehemu yote ya mwisho, milioni 19. Mhasibu wetu alitaka wasilipwe hata senti. Vikao viwili vya sauti ya juu, tukafunga kwa asilimia 80 yake, milioni 15.2. Andika kifungu hicho mapema: kila kipimo kiwe na uzito wake na ngazi zake za malipo.

Gharama zilizotoka: ada milioni 34.2, na pamoja na VAT ni milioni 40.36. Nauli na malazi ya washauri milioni 4.3, ambayo haikuwa ndani ya ada, ulizia. Kipima unyevu milioni 1.4. Maturubai 900,000. Karani wa usiku na kompyuta yake milioni 2.1 hadi sasa. Jumla ni kama milioni 49, ukiacha fidia ya unyevu na vibarua wa vumbi la saruji.

Asilimia sita zilizokosekana ziko karibu zote kwenye lita 5. Vifuniko vya njano bado vinangoja foleni ya rangi. Mzee amekubali tununue vya miezi mitatu kwa mkupuo mmoja, maana vifuniko, tofauti na madumu, vinakaa kwenye magunia machache kwenye kona ya stoo. Oda imetoka leo. Kaunta buku la ekspela limejaa, la pili limefungwa kwenye nguzo ileile, na ingizo linalofuata litakuja mbegu za msimu mpya zikianza kuingia.